Kikohozi Tulichokificha Kwenye Gari ya Kulala

Neno lenyewe nililisikia kwanza kwa muuza mboga, nikalisikia tena kwenye ngazi za nyumba yetu pale Malindi, mjini Unguja, kisha likanijia kwenye simu kwa sauti ya mwanamke nisiyemjua. Kuna nyumba mtaani petu, wanakaa watu kumi na tatu, kila asubuhi wanafukiza makonyo ya karafuu, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na humo ndani hakuna hata mmoja aliyepiga chafya. Nyumba ya ubavuni mwao hawafukizi, na wametolewa watu wanne.

Nyumba ipi hiyo? Hakuna aliyeijua. Nikauliza, "Hao wanne wametolewa wakapelekwa wapi?" Nikajibiwa, "Bahiya nawe kwa kuhoji! Subiri utolewe wewe."

Nilicheka, lakini neno halikunitoka. Nilipika nalo, nikafua nalo. Nikisimama mbele ya jiko nawahesabu wale kumi na tatu kama watu ninaowajua.

Kwa sababu mimi nina mtoto. Khawla ana miaka tisa, na pumu anayo tangu ana miaka mitatu. Ikimpanda, kifua chake hulia kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Daktari alishaniambia zamani: moshi usimkaribie, vumbi lisimkaribie, na ile dawa yake ya kupuliza mdomoni, ambayo sisi tunaiita pampu, isikae mbali naye hata kwa nusu saa. Sasa yakaja maradhi ambayo kazi yake ni vifua vya watu. Unadhani nitalala?

Baba yake, Azzan, anafanya kazi bandarini, kutwa nzima yumo kati ya makuli na mabaharia. Akirudi namsimamisha mlangoni kama mwizi, namwagia maji ya sabuni mikononi, nguo avulie hapo hapo. Mtoto anamwamkia baba yake kutoka juu ya ngazi, "Shikamoo baba," na yeye anaitikia marahaba akiwa chini, kama watu walio kwenye majahazi mawili. Skuli zimefungwa. Idi ilikuja ikapita, hakuna mgeni wala sikukuu ya watoto. Hapo ndipo alipokuja Himid.

Himid ni mdogo wake Azzan. Kabla ya maradhi alikuwa akiwatembeza watalii, akiwapeleka kuangalia kima punju, wale wekundu wa msituni, na kunusa mdalasini. Watalii walipoondoka akabaki na Hiace tatu zimeanikwa juani. Mwanamme mwenye akili angeuza moja akafungua duka la mchele. Himid aling'oa viti, akatia magodoro, mapazia ya zambarau, jiko la gesi, na taa za rangi kama za jukwaa la bibi harusi. Akaja nyumbani, akasimama mbali hatua mbili, barakoa iko kidevuni.

"Shemeji, hii inaitwa gari ya kulala. Wazungu wote saa hizi ndivyo wanavyokaa. Nyumba unakwenda nayo pwani. Hukutani na mtu."

"Na choo?"

"Choo kipo hukohuko pwani."

"Cha nani?"

"Cha wote."

"Sasa hukutani na mtu vipi, na choo cha wote?"

"Ah, shemeji nawe! Unakutana naye mmoja mmoja."

Mtu akishakupa jibu kama hilo unamfungia mlango. Mimi nilikwenda kufunga mizigo. Nilijiambia hewa ya bahari itamfaa mtoto, na mji unatisha. Azzan alibaki na kazi yake, tukaenda mimi na Khawla, Himid ndiye dereva, usiku akilala nje kwenye kitanda cha kamba.

Kabla ya kutoka nilifanya jambo moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Mtaani petu palikuwa na mtoto aliyekohoa dukani, akakohoa tu, na wiki ile ile watu wakawa hawapiti mbele ya mlango wa mama yake. Nikaogopa. Nikaichukua pampu ya Khawla, nikaitia ndani ya chupa ya chai iliyovunjika kioo, nikafunga kifuniko. Nikamwita.

"Khawla!"

"Naam, mama."

"Huko tuendako usimwambie mtu kama una pumu. Kikohozi kikija, kimeze. Unywe maji."

"Na kisipomezeka?"

"Ingia ndani ya gari, ufunike uso kwa mto."

Akaitikia kwa kichwa. Ni mtoto msikivu. Laiti angekuwa mkaidi kidogo.

Mahali penyewe pako Makunduchi, kiwanja juu ya mawe ya pwani, mali ya ukoo wa bwana mmoja aitwaye Ubwa. Mkewe, Mwanakheri, ni mkulima wa mwani, na ndiye aliyekuwa akikitunza kiwanja: anajaza tangi la maji, anaosha choo, anafagia. Choo kimoja. Bafu moja. Kibanda kimoja cha makuti kilichofunikwa turubali, ati cha kubadilishia nguo. Na gari tatu za Himid zimepangwa, mapazia yanapepea.

Kwenye gari ya pili alikuwamo Bi Dalal, mjane wa mjini, jirani yetu wa vichochoro viwili, amekuja na wakaza wana wake wawili. Kwenye ya tatu Suhaib na Maryam, waliooana juzi bila watu kwa sababu harusi zimekatazwa, wakaona waje wale fungate yao humo, ndani ya Hiace, hatua kumi kutoka kwa Bi Dalal. Mwenyewe ukipenda cheka.

Tulipofika tu, Bi Dalal alitusimamisha. Alikuwa anafunga sita, zile siku za baada ya Idi, midomo imemkauka, na hasira anayo tayari.

"Shikamoo Bi Dalal."

"Marahaba. Simama hapo hapo. Humo ndani hamna mwenye kikohozi?"

"Hamna, Bi Dalal."

"Homa? Mafua?"

"Hamna."

Akapanda ndani ya gari yangu bila ya kukaribishwa, akafunua magodoro, akanusa mito, akaitikisa ile chupa ya chai. Ikalia kororo.

"Imevunjika hii. Ya nini?"

"Nimesahau kuitupa."

Akairudisha.

Tangu saa ile yeye akawa ndiye serikali. Hakuchaguliwa na mtu. Akatoa amri: kila mtu akae mbali na mwenzake, barakoa ukienda chooni, kitasa cha mlango kifutwe kwa spiriti kabla na baada. Vizuri. Sasa nikuelezeni hicho choo. Mlangoni palikuwa na malapa ya plastiki, jozi moja, ya buluu, ambayo kila anayeingia anavaa. Ndani kopo moja la kuchambia. Sisi ni watu wanane. Nilimwona Bi Dalal kwa macho yangu haya: kafuta kitasa mara tatu, kavaa glovu mkono wa kulia, kavuta barakoa mpaka machoni, halafu kapenyeza miguu kwenye malapa yale yale aliyoyavua Suhaib dakika ile ile, bado yana majimaji. Na kopo bila shaka alilishika kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa na glovu. Akatoka amejaa fahari kama daktari mkuu.

Nikamwambia, "Bi Dalal, na haya malapa?"

"Malapa yana nini?"

"Tunavaa sote."

"Maradhi haya hayaingii miguuni, Bahiya. Soma."

Lakini Mwanakheri, loo! Mwanakheri alifungiwa kamba. Kweli, kamba ya mnazi ilitandazwa kwenye mawe, na akaambiwa asiivuke tukiwapo. Maji ayatie kwenye tangi tukiwa tumelala, choo aoshe tukiwa ufukweni. "Watu wa shamba hawajui kujikinga," Bi Dalal alisema, na alisema kwa sauti ya kusikiwa.

Mwanakheri alikuwa na gunia la mwani kichwani, maji yanamchuruzika mabegani. Alisimama upande wake wa kamba akatutazama mmoja mmoja.

"Mie tangu kabla ya Ramadhani sijavuka kijiji hiki," akasema. "Nyie mmetoka mjini leo asubuhi, mko jamii nzima. Sasa hebu nambieni, nani amkimbie mwenziwe?"

Akamgeukia dada yake aliyekuwa nyuma yake na gunia lake, wakasema kwa Kikae, lahaja yao ya Makunduchi, hatukuyashika maneno, lakini kicheko tulikielewa. Na mimi, badala ya kuona haya, niliudhika. Nilijiambia mtu wa mwani ananicheka mimi wa Malindi. Ndivyo nilivyokuwa.

Sasa njooni kwenye hayo makonyo. Bi Dalal alikuja na pakacha zima. Neno la ile nyumba ya watu kumi na tatu alilijua vizuri kuliko mimi, tena kwake walikuwa kumi na sita. Akatangaza kuwa kila asubuhi wanawake na watoto wote wataingia chini ya turubali pamoja na chetezo, na watakaa humo mpaka yeye ahesabu mia. Mikusanyiko imekatazwa nchi nzima. Yeye mwenyewe kutwa anapiga kelele, "Tawanyikeni! Msikae kundi!" Halafu asubuhi anatukusanya ndani ya kibanda kidogo kuliko choo cha skuli, magoti yamegusana, tunapumuliana usoni, katikati makaa na moshi. Maryam, bibi harusi, alitoka humo wanja umemchuruzika mpaka shingoni, Suhaib akamkimbia.

Siku ya kwanza nilisema Khawla amelala. Siku ya pili nilisema anaoga. Siku zote mbili alikaa ndani ya gari na pazia limefungwa. Mara moja nilimsikia akikohoa ndani ya mto, sauti kama ya mtu anayepiga ngumi godoro. Nikaongeza sauti ya redio.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa penye tangi nafua, mikono imo povuni. Himid akaja, amejitia manukato, funguo zinalia kidoleni.

"Shemeji, naichukua gari yako mara moja. Kuna watu Jambiani wanataka kuiona. Yako ndiyo safi."

"Mara moja kiasi gani?"

"Nusu saa tu, shemeji."

"Haya, ichukue."

Nilisema hivyo, sikunyanyua hata kichwa. Ukikaa kwenye nyumba ya mawe huwazi kama nyumba inaweza kuwashwa ikaondoka. Gari ikalia, ikapanda njia ya mawe, na mapazia yake ya zambarau yakapotea. Khawla alikuwa amekaa karibu yangu, anapanga simbi kwenye mchanga.

Gari haijamaliza hata kunguruma nikasikia sauti ya Bi Dalal:

"Khawla!"

"Naam!"

"Njoo ufukizwe, mwanangu. Siku ya tatu leo hujafukizwa."

Nikajifuta mikono, nikasimama. "Bi Dalal, mwache leo, hajanywa chai."

"Chai atakunywa baadaye. Mbona unamficha mtoto? Ana nini?"

"Hana kitu."

"Kama hana kitu, na aje. Au nimwambie Himid akirudi kuwa humu mna mtu asiyetaka kinga?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Pumu. Hata mtoto mchanga angeweza kulisema. Lakini nilimwona Maryam ananitazama, na wale wakaza wana wananitazama, nikaona tayari mlango wetu wa Malindi watu wanaupita kwa upande wa pili. Na tuseme kweli yote, kwa sababu bila kweli maandishi haya hayana maana: kuna kipande changu kilikuwa kinaamini. Watu kumi na tatu, hakuna aliyepiga chafya. Nilijiambia moshi huu haufanani na moshi mwengine, huu ni dawa, labda ndio utakaomkinga. Nikamshika mkono mwanangu, nikaingia naye.

Bi Dalal akateremsha turubali, akamimina makonyo juu ya makaa. Moshi ukapanda mzito, unawasha macho. Akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, polepole, kama mtu aliyekodiwa kuhesabu.

Khawla hakukohoa. Nikawa nasikiliza, nashukuru kila namba. Ilipofika arubaini mkono wake ukanibana pajani. Ilipofika sitini mabega yakaanza kumpanda na kushuka, na ile ngozi ya shingo ikawa inaingia ndani. Nikamwona anameza. Anameza tena. Macho yamemtoka, ananitazama mimi, anameza.

"Mnaona?" Bi Dalal akasema, kaacha kuhesabu ili asifu. "Mtoto mdogo huyu anastahamili, nyie watu wazima mnalialia."

Ilipofika themanini aliniangukia mapajani.

Nililivuta turubali, kibanda kikainama upande mmoja. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Kifua kinapanda lakini hewa haiingii, na ile sauti ya pampu ya baiskeli hata haipo, na inapokuwa haipo ndio vibaya zaidi. Nikamlaza, nikakimbilia gari.

Nikafika penye gari, hakuna gari. Pana alama za matairi mawili mchangani na beseni langu la samaki. Nilisimama pale kama mwendawazimu, nayatazama mawe kana kwamba nyumba itarudi. Nikampigia Himid. Inaita. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Baadaye nilikuja kujua kuwa alikuwa akiirekodi gari kwa simu ile ile, na kila nilipopiga alikuwa akinikata nisimharibie picha.

Nikarudi mbio. Bi Dalal na wenziwe walikuwa wamesimama mbali, na mwanangu yuko peke yake kwenye mkeka.

"Ana nini huyu?" Bi Dalal akauliza.

"Ana pumu! Mwanangu ana pumu! Dawa yake imo kwenye gari!"

"Pumu imekuja leo? Si ulisema hana kitu?"

"Nilisema uongo."

"Basi na hilo la pumu atakuamini nani?"

Akavuta barakoa yake juu, akarudi nyuma, na wakaza wana wakarudi naye hatua kwa hatua kama walioshikwa kwa uzi mmoja. Suhaib alikuwa anapiga mswaki nje. Akamvuta mkewe, wakapanda ndani ya gari yao, nikasikia komeo la mlango. Walikuwa na gari, wale. Walikuwa na gari mbili zenye mafuta. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, "Nipelekeeni mtoto hospitali!" na pazia la zambarau halikutikisika.

Aliyevuka ile kamba ni Mwanakheri. Gunia lake la mwani alilibwaga mawe yakalia. Hakuniuliza kitu. Akamnyanyua Khawla, akamkalisha wima, mgongo kwenye goti lake, uso upande upepo unakotoka, akamfungua ushungi na vifungo vya shingoni.

"Kohoa, mwanangu. Toa hewa. Kohoa!"

Khawla hakukohoa. Alinitazama mimi. Anakufa mtoto, na macho yake yananiomba ruhusa.

"Nani kakwambia usikohoe?" Mwanakheri akasema. Kisha akanitazama mimi, akajua. "Mwambie, bibi. Mwambie wewe."

"Kohoa, mama," nikamwambia. "Kohoa mwanangu, nimekosa mimi, kohoa!"

Akakohoa. Kikohozi cha siku tatu. Hakikumfungua kifua, lakini hewa kidogo ilipata mlango. Mwanakheri alikuwa keshamwita mumewe kwa ukelele, na Ubwa akatokea na pikipiki yake ya kubebea mwani, kiti kizima kina chumvi. Nikapanda nyuma, mtoto tumembana katikati. Mwanakheri akanifunga na kanga yake kiunoni pamoja na mwanangu tusianguke.

"Twende polepole au mbio?" Ubwa akauliza.

"Nenda unavyojua, bwana wee," mkewe akamjibu, "usituulize!"

Kwenye kituo cha afya walikuwa wameweka ndoo ya maji mlangoni na meza katikati ya njia. Muuguzi, bibi mmoja wa makamo aliyeitwa Salhiya, alinyoosha kiganja.

"Simama hapo. Pumu, au ile nyengine?"

"Pumu."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Pampu yake iko wapi?"

"Imo kwenye gari."

"Gari iko wapi?"

"Jambiani."

"Inafanya nini Jambiani?"

"Inaoneshwa watu."

Alikuwa anazungumza huku mikono yake inafanya kazi, kashafungua kabati, kashatoa pampu, kaikata chupa ya plastiki ya maji akaipachika kama bomba, kamwekea Khawla mdomoni na puani. "Vuta, mwanangu. Tena. Nyie mmemfanya nini mtoto huyu?"

"Tumemfukiza makonyo."

"Nani kamfukiza?"

Nilitaka kusema Bi Dalal. Jina lilikuwa ulimini. "Mimi," nikasema. "Nilijua, nikamtia motoni kwa mkono wangu."

Bi Salhiya hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alihesabu mivuto ya mtoto tu, akasubiri, akampulizia tena, akasubiri. Nilikuwa nimekaa sakafuni naitazama ile ngozi ya shingo ikiingia na kutoka. Sijui muda gani. Kisha ile sauti ikarudi, ile ya pampu iliyotoboka, ambayo siku zote nilikuwa naichukia, na siku ile niliisikia nikalia.

Rangi ilipomrudi midomoni Khawla alisema neno la kwanza. Alisema, "Mama, nimekohoa mbele ya watu. Watatufukuza?"

"Na watufukuze," nikamwambia.

Tukawekwa pale mpaka adhuhuri. Himid alikuja saa saba, jasho linamtoka, amepewa habari na Ubwa. Unafikiri alisema nini? "Shemeji, mbona wote wameondoka? Nimerudi nimekuta kiwanja kitupu!" Ndivyo. Bi Dalal na maharusi waliwasha gari zote mbili, ya Bi Dalal mmoja wa wakaza wana ndiye aliyeiendesha, wakarudi mjini. Wamemkimbia mtoto wa pumu, na malapa ya chooni wamebeba. Kisha akanionesha hiyo picha yake ya kutembea ili nione kuwa hakupoteza wakati bure. Gari inang'aa, mapazia yamefungwa vizuri, na mkono wa Himid unaingia kwenye picha, unaisukuma chupa ya chai pembeni kwa sababu inaharibu sura. Nikaizima simu nikampa. Tukarudi mjini, mimi nimekaa nyuma na Khawla, pampu nimeishika mkononi.

Mtaani neno lilikuwa limeshafika kabla yetu. Mtoto wa Bahiya ameipata ile yenyewe, ameanguka Makunduchi, wamemtoa kwa pikipiki. Wiki mbili watu walipita kwa upande wa pili wa kichochoro, kama nilivyoogopa. Na ni kweli inauma, sikatai. Lakini mwanangu alikuwa anakohoa ndani kwa sauti, madirisha wazi, pampu imening'inia shingoni mwake kwa utepe, na Azzan amekaa kwenye ngazi ya chini anamsikiliza. Ningejua kuwa kile nilichokiogopa ni kikubwa kiasi hicho tu, kupitwa na watu kichochoroni! Kwa hicho tu nilitaka kumtoa mtoto kafara.

Nyie kina mama mnaosoma haya, maradhi haya hayajulikani yataisha lini, na kina Himid hawaishi. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usimfukize mtoto mwenye pumu. Makonyo, udi, ubani, majani, chochote chenye moshi. Atakayekwambia huu ni moshi wa dawa, mwambie aanze mwanawe.

Usiingie na watu wengine chini ya turubali, shuka au blanketi, hata mkihesabu kumi.

Usimwambie mtoto ameze kikohozi.

Usifiche maradhi ya mtoto kwa watu mnaolala kiwanja kimoja. Wakikufukuzeni, ondokeni.

Usiiache dawa ndani ya gari. Gari inaondoka. Mvalishe mtoto.

Usimpe mtu gari mliyolala ndani yake kabla hujateremsha maji, dawa na viatu.

Usivae malapa ya choo cha wote, wala usitumie kopo lake. Chukua yako, uyaoshe kwa sabuni, urudi nayo.

Usimfungie kamba mwenye kiwanja.

Usiende mahali kabla hujauliza kituo cha afya kiko wapi, na nani ana chombo cha kukufikisha.